Sauti Alizozikata Placidius

Kama kuna mtu aliyejaliwa masikio kabla ya mdomo, ni Placidius wa Mabira. Baba yake alimweka shambani kulinda mtama kabla hajaanza shule, na huko, msimu baada ya msimu, aliwajua ndege kwa sauti kabla ya kuwajua kwa sura. Angeweza kuwa ameinama anachora chini kwa kijiti, na bado akajua kwamba waliotua upande wa migomba ni kwera wala si chiriku, na kwamba tetere anayelia kule juu amemwona mwewe. Alipomaliza darasa la saba hakuna aliyemuuliza habari za ujuzi huo. Akalima, akamwoa Prudensia, wakapata watoto watano, akapanda kahawa katikati ya migomba kama kila mtu, na akafikisha miaka arobaini na sita akiwa mkulima wa kawaida kabisa wa wilaya ya Kyerwa.

Ndipo akaja Daktari Joanitha. Huyu alikuwa mwanamke wa Kihaya kutoka Muleba, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye mabuti ya mpira na haraka ya mtu aliyepewa fedha za utafiti kwa miaka mitatu tu. Alikuwa akifuatilia korongo taji, wale ndege warefu wenye kishungi cha dhahabu kichwani, wanaotaga katikati ya mafunjo kwenye kinamasi kilicho chini ya kijiji. Hakutaka kuwakamata wala kuwapiga picha. Alitaka kujua wanaambiana nini. Korongo, alieleza, wana mlio wa asubuhi ambao dume na jike hupokezana kama wanaosalimiana, na wana mlio mwingine mfupi na mkavu, wanaourudiarudia pale kitu kinapokaribia kiota. Huo wa pili aliuita mlio wa hadhari. Swali lake lilikuwa hili: je, korongo akimwona mbwa hulia sawasawa na akimwona mtu?

Placidius alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kwa mbwa hulia harakaharaka na kuacha, lakini kwa mtu hulia taratibu na kwa muda mrefu. Daktari akamtazama, akatoa daftari. Kesho yake Placidius alikuwa na kazi.

Visanduku sita vya kijani, kila kimoja na ukubwa wa Biblia, vilifungwa kwenye miti ukingoni mwa kinamasi. Vilinasa sauti mchana na usiku. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, Placidius alivizungukia na kubadilisha kadi, akapanda bodaboda mpaka mji mdogo wa Omurushaka, kwenye chumba kilichopangwa nyuma ya duka la pembejeo ambako umeme haukatiki hovyo. Humo alikaa siku tatu mbele ya kompyuta akiwa na spika za masikioni, akitia alama: hapa korongo, hapa bata maji, hapa mvua. Kompyuta ilichora sauti kwa mistari, na baada ya miezi michache Placidius aliweza kusoma mistari hiyo kama wengine wanavyosoma gazeti. Mabira walianza kumwita Profesa. Alijifanya hapendi.

Mwaka wa kwanza alisikiliza kila kitu, na ubaya ulianzia hapo. Siku moja, kwenye kadi ya kisanduku cha nne, alimsikia mdogo wake Melkiory akipanga na rafiki yake Elipidius namna ya kupenyeza magunia ya kahawa kinamasini hadi ng'ambo, Uganda, bila kukutana na doria. Mtu mwenye busara angenyamaza. Placidius akaenda kumwambia mama yao, Ma Adelgunda, amkanye mwanawe. Mama akamwambia Eugenia, mke wa Melkiory. Eugenia akamwambia jirani yake kisimani, na kabla ya Jumapili Mabira nzima ilijua kwamba vile visanduku vya ndege vinasikiliza watu.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Wapika gongo walikuwapo, wenye kesi za mipaka walikuwapo, wake na waume wenye mambo yao walikuwapo, na wote walikuwa wakali. Melkiory ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Alisema kaka yake ameuza ukoo kwa ajili ya korongo, na kwamba visanduku vichomwe moto siku hiyohiyo. Daktari Joanitha aliomba radhi mbele ya watu, akaweka sheria: kuanzia siku ile, sauti yoyote ya binadamu ikatwe bila kusikilizwa. Mwenyekiti wa kijiji hakuridhika na sheria ya chuo, akataka kiapo. Placidius akashika Biblia, akaapa mbele ya kijiji kizima kwamba hakuna neno la mtu litakaloingia masikioni mwake kutoka kwenye kisanduku.

Na kiapo chake alikishika, tena kwa majivuno. Sauti ya mtu inapochorwa na kompyuta huonekana kama ngazi, mistari imepangana moja juu ya nyingine, ikipanda na kushuka kwa pamoja. Hakuna ndege wa kinamasini mwenye ngazi ya namna ile. Placidius akaacha kuvaa spika anapopitia kadi mara ya kwanza. Alitumia macho tu: akiona ngazi, anakata. Mahali pa mkato kompyuta iliweka ukimya wa urefu uleule, ili saa za ndege zisisogee, na pembeni iliandika saa ya mkato. Alipomaliza alifuta kadi zote na kuzirudisha mtini. Daktari alimsifu kwamba hakuna msaidizi anayekata safi kama yeye, na sifa hizo alizirudia nyumbani mara nyingi kuliko Prudensia alivyopenda kuzisikia.

Mwaka uliofuata, Alhamisi Kuu, Melkiory aliondoka kwake alfajiri na gunia la kahawa mgongoni. Alikuwa peke yake, kwa sababu Elipidius alikataa kubeba magendo wiki takatifu. Alimwambia mkewe kwamba Pasaka watakula nyama. Pasaka ikafika, ikapita.

Hakuna aliyekwenda polisi. Ungeanzaje kusema mume wangu amepotelea njiani bila kusema njia gani na amebeba nini? Wiki mbili baadaye ukoo ukakutana kwa Ma Adelgunda. Wengine walitaka kinamasi kisakwe, lakini maji yalikuwa mengi na doria ilikuwa imeongezwa. Ndipo Placidius akazungumza, Profesa, kaka mkubwa, mtu anayesikilizwa.

“Melkiory tunamjua,” alisema. “Mwaka juzi alikaa ng'ambo wiki tatu, na sote tunajua alikaa kwa nani. Hela zikimwishia atarudi.”

Eugenia aliinuka akatoka nje bila kuaga. Ma Adelgunda alibaki amekaa.

“Mwanangu hajawahi kula Pasaka kwa watu,” alisema. Kikao kikaisha hapo.

Miezi minne ikapita namna hiyo. Eugenia hakuwa mke wala mjane. Kahawa ya mumewe iliiva, ikakauka mitini, kwa kuwa shemeji zake walisema mwenye mali yu hai na atakuja kuuliza. Ma Adelgunda alikwenda parokiani kuomba misa, na padri akamuuliza kwa upole: misa ya kumwombea marehemu au ya kumwombea msafiri? Mama akarudi nyumbani bila misa. Tangu hapo hakufunga tena komeo la mlango wake. Kitu kimoja tu alikitaka kwa kila aliyemtembelea: aambiwe mwanawe yuko wapi, hai au mfu, ili ajue afanye nini.

Agosti, kinamasi kikiwa kimepungua maji, Daktari Joanitha alifika Omurushaka bila kutoa taarifa. Placidius hakuwahi kumwona na furaha kiasi kile.

“Shikamoo, Ta Placidius,” alisema, akimwita kwa heshima ya Kihaya. “Njoo ukae hapa uone nilichokipata.”

“Marahaba, Daktari.”

Alifungua kompyuta yake mwenyewe. “Kisanduku cha nne. Ile jozi yenye kiota karibu na mti uliovunjika. Walikuwa wanaatamia. Wamelia hadhari karibu siku mbili mfululizo. Siku mbili! Sijasoma habari kama hiyo popote.”

“Labda fisi.”

“Fisi angekula mayai au angekwenda zake. Hiki kitu kilikaa mahali pamoja. Hakikuwafikia na hakikuondoka. Halafu tazama hapa. Wananyamaza, unakuja mkato wako, wanalia. Wananyamaza, mkato, wanalia. Mara ishirini na sita. Walikuwa akina nani hao uliowakata?”

Placidius alianza kucheka, kwa sababu aliikumbuka kadi ile. Ilikuwa na ngazi nyingi mno, na alilaumu moyoni wakata mafunjo wanaomchelewesha kwenda kula. Kisha macho yake yakashuka kwenye tarehe.

Alivuta spika, akazivaa, akawasikiliza korongo. Walikuwa wanalia taratibu. Wakaendelea kulia taratibu, muda mrefu, bila kuharakisha hata mara moja.

“Ni mtu,” alisema. “Huyo ni mtu mmoja.”

Daktari aliendelea kutabasamu kidogo, kama anayengoja aelezwe. Placidius akamwambia kila kitu: Alhamisi Kuu, gunia, kikao cha ukoo, maneno aliyoyasema mbele ya mama yake. Daktari Joanitha akavuta kiti chake karibu. Kisha, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, wote wawili wakafanya kazi wanayoijua. Mkato wa kwanza ulikuwa Alhamisi saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, wa mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Mikato ya mwanzo ilikuwa mirefu, karibu dakika nzima. Ya usiku ilikuwa ya kuachana. Wa ishirini na sita ulikuwa na sekunde mbili. Kisanduku cha tano kiliwanasa korongo walewale kwa mbali, cha sita hakikunasa kitu. Kwa hiyo mtu yule alikuwa kati ya cha nne na cha tano, karibu zaidi na cha nne, upande wa kiota.

“Kadi yenyewe hatuna?” Placidius aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

“Ulizifuta, zikarudi mtini. Nilichonacho ni hiki ulichonitumia.” Daktari alifunga macho. “Sheria ya kukata niliiweka mimi, Ta Placidius.”

Hilo lilikuwa kweli, na halikumsaidia kitu.

Aliingia kinamasini kesho yake na Elipidius na mwenyekiti. Haikuwachukua hata saa moja. Hatua mia tatu kutoka kwenye kisanduku waliliona rundo la nyasi lililokuwa kiota, na hatua ishirini mbele ya kiota alikuwapo Melkiory, au kilichobaki. Mguu wake ulikuwa umezama kati ya mizizi ya mafunjo, mfupa wa muundi umevunjika. Gunia lilikuwa limeoza kando yake. Kumzunguka pande zote, hadi mkono wa mtu unapoweza kufika, mafunjo yalikuwa yameng'olewa.

Elipidius alichuchumaa, akashika kichwa. “Ijumaa Kuu tulikuwa kilimani kule, kwenye Njia ya Msalaba,” alisema. “Kijiji kizima. Alitusikia tunaimba.”

Mwenyekiti alimwomba anyamaze. Polisi walikuja, na mganga wa zahanati akaja, wakaandika walichoandika, wakaruhusu maiti izikwe.

Sasa, kule kwao mtu hazikwi hivihivi. Kabla jeneza halijashuka husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliacha watoto wangapi, aliugua nini, saa zake za mwisho zilikuwaje na alisema nini. Watu husikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza mahubiri. Kuuandika ni kazi ya mtu wa ukoo mwenye mwandiko mzuri, na katika ukoo ule mwenye mwandiko mzuri alikuwa mmoja. Mchana wa siku moja kabla ya maziko Placidius alikaa nyuma ya nyumba ya mama yake na karatasi. Sehemu ya kuzaliwa na ya shule ilimtoka vizuri. Alipofika mwisho akaandika kwamba marehemu alipata ajali kinamasini na kufariki papo hapo. Alilisoma neno lile mara mbili tatu. Aliona haya, lakini pia aliona nafuu, nafuu ya aibu, kwa kuwa Elipidius na mwenyekiti walijua mahali tu. Habari ya mikato waliijua yeye na Daktari tu, na Daktari asingesema.

Ma Adelgunda alikuwa sebuleni amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wa msibani, Eugenia pembeni yake. Alimwita.

“Nisomee.”

Placidius akapiga magoti, akasoma. Alipomaliza, mama yake alinyoosha mkono akaichukua karatasi, ingawa hajui kusoma, akaitazama.

“Papo hapo amekuambia nani?”

Hapo alikuwa na nafasi. Angeweza kusema ni mganga, na ingeisha. Lakini mwanamke yule alikuwa ameuliza kitu kimoja kwa miezi minne, na Placidius alikuwa tayari amemjibu vibaya mara moja, mbele ya ukoo mzima. Hakuweza mara ya pili.

“Hakufa papo hapo, Mama. Aliita siku mbili. Kisanduku kilimsikia. Kadi ilipofika kwangu mimi nikamkata.”

Ma Adelgunda hakulia. Alikunja karatasi, akaiweka chini ya goti.

“Alikuwa anamwita nani?”

“Sijui, Mama.”

“Wewe? Na masikio yako hayo yote?”

“Sikusikiliza. Niliapa nisisikilize. Niliona mistari, nikakata, nikaenda kula.” Neno la mwisho hakuna aliyemuuliza.

Eugenia akasema, “Labda alikuita wewe.” Hakusema kwa ukali. Placidius angependa aseme kwa ukali.

“Pamebaki nini?” mama aliuliza.

“Ndege tu. Wakimsikia akiita, walilia. Yeye akiita pana ukimya, halafu ndege.”

“Kalete.”

Alileta kompyuta, akaiweka juu ya mkeka, akakaa mbele yake kama anavyokaa Omurushaka. Hakuweza kuwasikilizisha siku mbili nzima, kwa hiyo alikwenda kwenye kila mkato, mmoja baada ya mwingine. Akabonyeza. Kwanza ulisikika upepo kwenye mafunjo, na chura. Kisha hakikusikika kitu.

“Ni hapa,” Placidius alisema. “Hapa ndipo anaita.”

Wote walikaa wakisikiliza ukimya wa karibu dakika nzima. Kisha korongo wakaanza, mlio mfupi, mkavu, taratibu, wakalia wee, wakaacha.

Placidius akaenda kwenye mkato wa pili. Ukimya ulipoingia, Ma Adelgunda aliinama akasogeza mdomo karibu na kompyuta.

“Abee,” aliitika.

Korongo wakalia. Mkato wa tatu. “Abee, mwanangu.” Korongo wakalia. Wa nne, wa tano, wa sita, na kila mara aliitika kwa sauti ileile ya mama aliye jikoni aliyeitwa kutoka uani, hakupandisha sauti na hakuharakisha. Kwenye wa kumi na mbili Eugenia alitoka nje. Placidius alimtazama mama yake akitaka ruhusa ya kusimamisha. Mama hakumtazama. Placidius akaendelea. Ukimya ulizidi kuwa mfupi, mpaka ikafika mahali Ma Adelgunda alikuwa hamalizi neno kabla ya ndege kuanza. Wa ishirini na sita ulimkuta bado anavuta pumzi.

Korongo wakalia mara ya mwisho, muda mrefu, wakaacha. Hakukuwa na mkato mwingine. Kilichofuata kwenye faili kilikuwa alfajiri ya Jumamosi Kuu, na dume na jike wakisalimiana kwa kupokezana kama siku zote.

Placidius alinyoosha mkono kuzima. Mama yake akaushika.

“Rudisha ule wa kwanza,” alisema. “Pale sikumwitika.”